Jani la Kuchoma

Mwanangu,

Mzigo wako umefungwa vibaya. Nimeuona pale mlangoni nilipokwenda kukomea: kamba umeizungusha upande mmoja tu, fundo umelipiga la kitoto, na godoro la sponji limetoa ulimi nje. Mkono umeniwasha. Nimechuchumaa, nimelishika fundo, kisha nimeliacha kama lilivyo nikaja kukaa hapa mezani. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Wewe unanijua, unajua limenigharimu nini.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kuficha nauli kwenye soksi. Mama yako amekwisha kukuimbia hayo wiki nzima, na huko Nakapanya unakokwenda kufundisha kuna watu wazima watakaokuonyesha kisima na duka. Nataka kukuandikia mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nitayaharibu, maana mdomo wangu kila ukifunguka mbele yako unatafuta doa. Utaona pia kwamba hapo juu sijaandika jina lako. Nitalifikia, usiwe na haraka.

Ulizaliwa ukanikuta mteuzi wa tumbaku. Mkulima amelima, amechuma, ametundika majani kwenye bani na kuyafukiza moshi wiki kwa wiki, macho yamemwiva, halafu analeta robota lake sokoni na kulifungua mbele yangu. Mimi nachomoa kicha kimoja, nakipapasa, nakinusa, nakiinua kwenye mwanga, nasema: daraja la pili. Au la nne. Au nasema takataka, na hilo linapelekwa pembeni kuchomwa, mwenyewe akitazama. Sikuwahi kupandisha sauti na sikuwahi kupokea kuku wa mtu. Wakubwa wa ushirika walinisifu kwa jicho langu, nami nikaona ni dhambi kuliacha kazini. Nikawa narudi nalo nyumbani kila jioni.

Mama yako akiweka ugali mezani, naukagua kabla sijanawa. "Una mabuje," nikasema siku moja. Akajibu, "Basi uuteue kwanza, ukimaliza utuambie tule." Alijibu hivyo siku hiyo moja tu, kwa sababu baada ya hapo nilikula hotelini mpaka akaniomba radhi. Wewe ulileta ripoti ya shule ukiwa wa pili, nikakuuliza huyo wa kwanza ana vichwa viwili. Muhula uliofuata ukaleta ukiwa wa kwanza, nikaitazama karatasi juu chini, nikakuambia mwandiko wako unalala. Shuka lako halikunyooka kwenye kona. Ufagio wako uliacha mistari uani. Ulikuwa bado hujaanza hata la kwanza uliponichumia mapera, ukayapanga kwenye sahani, ukaniletea kwa magoti. Nikatenga lile lililotobolewa na ndege, nikakurudishia mkononi. Ukalila palepale, polepole, ukinitazama.

Nilidhani nakufundisha. Wazazi wote husema hivyo, na wengi wanasema kweli. Mimi nitakuambia na lile wasilolisema: nilikuwa nasikia raha. Kuliona doa kabla ya mtu mwingine kuliona ni raha kama ya kushinda bao, na mimi nilikuwa na mtu wa kumshinda kila siku, mwenye kimo cha meza.

Ulipomaliza la saba, majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa, na lako halikuwepo. Unajua nafasi zilivyokuwa miaka ile. Darasa zima likitoa watu wawili, watu walikwenda kanisani kushukuru. Hapa Lizaboni hakuna aliyekuona mjinga isipokuwa mimi. Sikukupiga, kwa sababu nilikuwa nawadharau wanaopiga. Jioni ile nilikuwa na wageni, wateuzi wenzangu wawili, na wewe ulikuja na birika na beseni kutunawisha. Mmoja akauliza, "Na huyu vipi, amechaguliwa?" Nikasema, "Hili ni la kuchoma." Wakacheka, maana ni lugha ya kazini. Wewe hukumwaga hata tone. Ulitunawisha wote, ukaning'inizia taulo mkononi kama ulivyofundishwa, ukatoka. Ulikuwa na miaka kumi na tatu.

Sikujutia neno lile siku ile. Nilichokuwa nawaza ni namna ya kurekebisha.

Njia ilikuwa inajulikana. Kurudia la saba kulikatazwa, kwa hiyo mtu alimpeleka mtoto wake shule ya mbali, akaingia kwa jina la mwanafunzi aliyeacha, akafanya mtihani upya kama yeye. Kuna watu wazito katika mji huu, wenye ofisi na saa za mkononi, wanaoitwa mpaka leo kwa majina ya watoro. Lakini mimi sikutaka jina la mtoro. Mtoro anaweza kurudi siku moja akalidai jina lake, au akafungwa akaliharibu. Nilitaka jina lisilo na kasoro.

Kaka yangu Kanisius, kule kijijini ng'ambo ya Peramiho, alikuwa amemzika binti yake Oresta. Mlikuwa marika. Ndiyo kwanza alikuwa ameingia la saba, malaria ikampanda kichwani, na walipopata gari la kumpeleka hospitali walikuwa wamechelewa. Nilikwenda kwenye arobaini yake. Nilisali na wenzangu, nilikula wali wa watu, nilikunywa togwa kata mbili. Kisha nikamwita kaka nyuma ya nyumba, nikamwomba jina la mwanawe.

Kaka alichora chini kwa kijiti. Akasema, "Kamuulize mama yake."

Shemeji alikuwa anasugua masufuria ya arobaini, mikono imejaa majivu. Nikamweleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea kuwaeleza wakulima. Nikamwambia mwalimu mkuu hajalifuta jina, nimekwisha kuongea naye, na kuliacha lipotee bure ni hasara. Hakuacha kusugua. Akaniuliza, "Na nguo zake, shemeji, utazitaka?"

Nikadhani amekubali. Nikamjibu kwamba nguo hapana, sare tu, kama bado ipo.

Ukahamia kwao, ukavaa sare ya marehemu mwaka mzima, na ilikubana mabegani. Siku ya kwanza mwalimu wa darasa aliita Oresta, ukanyamaza. Akaita tena, ukanyamaza, ukachapwa kwa kiburi. Hukuniambia wewe, aliniambia shemeji, miaka mingi baadaye, na aliniambia na lingine. Kila jioni wasichana wenzako, walioagizwa shuleni wakuite hivyo, walipita nje wakakuita kwenda kuteka maji: "Oresta! Oresta, twende!" Yeye yuko jikoni, anasikia mwanawe anaitwa, na anasikia mtu anaitika. Mwanzoni alikuwa anaziba masikio kwa kanga. Baadaye akaacha kuziba. Baadaye tena akawa anaingoja saa ile.

Mimi sikulifikiria hilo hata siku moja. Nilituma sabuni na sukari, nikajiona muungwana. Mwaka ule nilikuja mara moja tu, na nilipofika sikukuuliza unalala wapi wala unakula nini. Nilisema nionyeshe daftari. Juu ya kila daftari uliandika "Oresta" kwa mwandiko uliosimama wima, mzuri kuliko ulivyowahi kuandika jina lako. Nikakusifu. Nimeipekua akili yangu usiku huu nikitafuta siku nyingine niliyokusifu kabla ya ile, na sijaipata. Sifa yako ya kwanza kutoka kwa baba yako uliipata kwa kuandika vizuri jina la mtoto aliyekufa.

Ukafaulu. Nilinunua mbuzi, nikaalika mtaa, nikaazima viti vya kigango. Kila aliyeingia nilimwambia, kwa jina lako la ubatizo, "Tekla amefaulu." Waliojua walijua, wasiojua walikula. Shemeji naye alikuja, kwa miguu mpaka barabarani kisha kwa gari la Peramiho, amevaa gauni lake la kanisani. Alikaa kwenye mkeka na akina mama. Mtu mmoja, nadhani jirani yetu mshona viatu, akasimama kukupongeza, akasema tumshukuru Mungu kwa mtoto huyu. Shemeji akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Alisema tu, tena na tena, "Mwanangu amefaulu. Mwanangu amefaulu."

Watu wakaacha kutafuna. Nikainuka, nikamwinamia, nikamwambia sikioni, "Shemeji, usituharibie shughuli."

Akajifuta, akatoka nje. Na wewe uliweka sahani yako chini, mbele ya wageni wote, ukamfuata. Nilichungulia dirishani. Mlikaa wawili kwenye lile jiwe la kunolea, yeye amekulaza kichwa mapajani, na nilikusikia ukimwita mama. Mama yako mzazi alikuwa nyuma yangu ameshika bakuli la mchuzi, naye alisikia. Alirudi jikoni akaongeza chumvi kwenye mboga iliyokwisha kutiwa chumvi.

Nilikukaripia siku iliyofuata kwa kuacha wageni. Hilo nalo nalikumbuka vizuri, hata maneno.

Sasa niingie kwenye siku inayoniuma kuliko zote, na ajabu ni kwamba siku hiyo hakuna aliyenikosea. Ulikuwa kidato cha pili, siku ya wazazi kutembelea shule. Nilipiga pasi suruali, nikaja na mkate na karanga. Mwalimu wa zamu akafungua kitabu cha wageni, akauliza nimekuja kwa mwanafunzi gani. Nikasema Oresta. Akatazama kwenye orodha yake, akaona jina la baba ni Kanisius, akaniuliza kama ndiye mimi. Nikajikwaa. Mimi, ambaye sokoni sikuwahi kujikwaa, nikasema ndiyo, kisha nikasema hapana. Ukawa umefika. Mwalimu akakuuliza, "Huyu ni nani wako?"

Ukapiga goti kidogo, ukasema, "Ni baba yangu mdogo." Ukanigeukia. "Shikamoo, baba mdogo."

Hukusita hata kidogo. Nilikusubiri tukiwa peke yetu chini ya mti useme jambo, hata ucheke. Ulikula karanga, ukaniuliza habari za mama, ukanishukuru kwa mkate. Njiani kurudi nilijiambia kwamba wewe ni mtoto mwerevu, umeilinda siri. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hukuwa unailinda siri ya mtu. Uliulizwa swali, ukajibu.

Kilichonifungua macho hakikuwa kanisa wala kitabu. Walikuja wanunuzi binafsi. Serikali iliachia biashara, ushirika ukayumba, na sisi wateuzi tukapunguzwa kama matawi ya kahawa. Walitupa barua na mkono wa kwaheri. Msimu uliofuata nilikwenda sokoni kutazama tu, kama mtu anayepita kwenye nyumba aliyohamishwa. Kijana mmoja mnunuzi, amevaa kaptula na miwani ya mtumba, alikuwa anafungua marobota kwa mguu. Hakunusa wala hakupapasa. La kwanza, la tatu, yaliyoungua, yenye ukungu, yote yalikwenda kwenye lori moja. Nikamwambia, "Kijana, hilo ni la kuchoma."

Akanicheka kwa adabu. "Mzee, siku hizi hakuna la kuchoma. Yote yanavutika."

Na yalivutika kweli. Sigara ninazouza sasa pale kibandani, moja moja, kwa vijana wa stendi, zina majani ambayo ningeyatia kiberiti. Hakuna aliyerudi kulalamika. Nilikaa kwenye kile kibanda nikihesabu kichwani nyuso za wakulima niliowachomea. Kulikuwa na mama mmoja wa Namtumbo aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nilipotupa vicha vyake alisema, "Baba, unanichomea mwaka." Nilimwambia afuate kanuni. Jani lake halikuwa na kosa lolote isipokuwa rangi. Nililichoma kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kulichoma.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba nimekosea. Aliuliza, "Lipi?" Nilipoanza kueleza habari za tumbaku alinyanyuka akaenda kuanua nguo.

Mimi na wewe tumewahi kupangua tumbaku pamoja, wakati wa likizo, kwa bibi yako. Unakumbuka tulivyokuwa tunaamka alfajiri? Jani lililokauka halishikwi mchana, litasagika mkononi. Unasubiri unyevu wa asubuhi ulilainishe, ndipo unalinyoosha. Nilikufundisha hilo kwa makini sana, nikakushika mkono ulipoharakisha. Jani nililisubiri. Wewe sikukusubiri.

Na sasa hii ya mwezi uliopita. Ulipomaliza chuo cha ualimu na kupangiwa Nakapanya, nikaona ndiyo nafasi yangu ya kunyoosha kila kitu. Unaona tabia ya mtu isivyokufa? Hata kosa langu nilitaka nilisahihishe mpaka ling'ae. Nikaenda kwa mwanasheria, akanitengenezea hati ya kiapo kwamba Oresta na Tekla ni mtu mmoja, ili vyeti vyako virudi kwenye jina nililokubatizia. Nilimrudishia mara mbili aipige taipu upya kwa sababu ya koma. Nikakuletea ikiwa imekamilika, ina muhuri, imebaki saini yako tu, nikaiweka mezani na kalamu juu yake.

Uliisoma yote. Ukairudisha kwangu ukisema, "Baba, Tekla ulimchoma mwenyewe. Sasa unataka nisaini majivu?"

Nikasema mtu hawezi kuishi na jina la marehemu. Ukanijibu kwa sauti ileile uliyonijibia siku ya karanga: "Nimeishi nalo. Wewe ndiye umeshindwa." Kisha ukaongeza, na hapo nadhani ulitaka kuniumiza, na ulikuwa na haki: "Oresta ana mama anayemsubiri kila Krismasi na kuku amefungwa mguu. Tekla akienda mahali anakaguliwa."

Mama yako alikuwa mlangoni na ungo. Yeye bado wanamwita Mama Tekla kila mahali, bombani, sokoni, kwenye jumuiya, mama wa mtu ambaye hayumo kwenye karatasi yoyote isipokuwa kitabu cha ubatizo. Ulipotoka nikamwambia aseme nawe, wewe humkatalii. Akaniambia, "Mimi nitamwita mwanangu. Hilo halina cheti." Akaichukua ile hati mezani akaenda kuwashia jiko. Mkaa ulikuwa mbichi, kwa hiyo ilisaidia.

Ndiyo maana hapo juu nimeandika "mwanangu" nikaishia hapo. Nimeazima kwake.

Nilikasirika siku kadhaa, sitakuficha. Nilikuita mkaidi mbele ya wateja wa kibandani. Nilijiambia kwamba nimetubu na wewe umekataa toba yangu, kwa hiyo dhambi imehamia kwako. Mpaka juzi, tulipokuwa tunakunywa chai, mama yako alikuletea kikombe, na wewe ukakiinua, ukakigeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha, ukaona alama ya majani ya jana kwenye ukingo. Ulikirudisha tu kwenye sinia. Mama yako akakichukua haraka, akainamisha kichwa vilevile alivyokuwa ananiinamishia mimi, akaenda kukiosha.

Jina nililokupa hukulitaka, lakini jicho umelichukua.

Kwa hiyo nakuambia bila kukupamba. Wewe huna akili ya ajabu. Una akili kama ya watu, na bidii, na mkono mzuri wa kuandika. Hukufeli la saba kwa uvivu, na hukufaulu kwa sababu yangu. Mtoto wa kawaida alipata nafasi ya pili, basi. Ningekuwa nimelijua hilo mapema, ungebaki hapa nyumbani na jina lako, ukashona au ukauza vitenge, na huenda ungekuwa unacheka zaidi. Wala si mrembo kama mama yako anavyokudanganya. Masikio ni yangu. Nayasema haya kwa sababu nimegundua kwamba nikikutazama hivyo, wa kawaida, mwenye masikio yangu, na mzigo uliofungwa ovyo, napata shida kupumua kwa jinsi ninavyokupenda. Sikuwahi kuisikia hali hii nilipokuwa nakupigania uwe wa kwanza.

Kesho kutwa utakuwa na darasa. Nasikia msimu wa korosho watoto wa huko hupungua shuleni, na wanaokuja huja na vidole vyeusi kwa utomvu. Watakuletea daftari zenye madoa. Utayaona yote kabla hujavuka mlango. Jicho haling'oki, nimejaribu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mdomo unafungika. Na siku mtoto akikuletea mapera kwenye sahani, chukua lile lililotobolewa na ndege, ulile mbele yake. Ndege hatoboi bichi. Nimelijua hilo tangu nikiwa mtoto, mama yangu alitufundisha, na bado siku ile nilikurudishia.

Hutanisamehe kwa barua, na sikuombi. Nikiomba, nitaanza kupima msamaha wako kama umekamilika. Krismasi utakwenda kwa shemeji, najua, na ni sawa. Mama yako atakufuata huko kwa siri, naye anadhani sijui. Mimi nitabaki kulinda kibanda. Ukitaka kupita hapa Lizaboni, pita. Ukija umefukuzwa kazi, au una mimba isiyo na mwenyewe, au umechoka tu, pita. Nitatafuta neno baya la kusema, nitalipata, na nitalimeza na ugali wenye mabuje.

Alfajiri tutakwenda stendi wote watatu. Nitabeba mzigo wako begani hivyo hivyo ulivyo. Utafumuka kabla ya Namtumbo, nakuhakikishia, na utaufunga tena mwenyewe barabarani, watu wakikutazama. Kondakta atasimama mlangoni asome majina ya waliokata tiketi. Akiita Oresta, na wewe ukawa bado umemkumbatia mama yako, nitaitika mimi. Nitasema yupo. Akiniuliza mimi ni nani wako, nitamjibu kama ulivyomjibu yule mwalimu.

Nenda salama, Oresta.

Ni mimi,
baba yako mdogo.